Bi Sijui na Bomba la Mtaa wa Juu

Mambo haya yaliisha vizuri. Nasema mapema ili msikilize kwa moyo mtulivu, maana katikati yake pana mahali ambapo mimi mwenyewe, kila nikisimulia, hutamani niparuke.

Mwenye kisa ni mama wa makamo, mfupi, mwendo wake kama wa mtu anayehesabu hatua. Kazi yake ni mpangaji wa matengenezo katika ofisi ya maji ya mji. Jina lake liko kwenye kitambulisho, lakini hakuna anayelitumia. Kazini, mtaani, hata ukweni, wanamwita Bi Sijui. Lilianza kama dhihaka, likazoeleka, na sasa ukimwita kwa jina lingine hageuki.

Alilipata hivi. Alianza kazi akiwa msichana wa kusoma mita, nyumba kwa nyumba, huku akifukuzwa na mbwa na kule akipewa kiti na bibi vizee waliokuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye. Baada ya miaka minne akapandishwa, akawa mtu wa kuwaonyesha wachimbaji pa kuchimba. Siku moja msimamizi akamuuliza bomba kuu linapita upande gani wa barabara, pale mbele ya shule. Akajibu kwamba anajua, linapita upande wa shule. Hakuwa akijua. Alisema hivyo kwa sababu watu sita walikuwa wamemkodolea macho, majembe begani, na mtu akingojewa na majembe sita huona haya kusema hana jibu. Wakachimba siku tatu. Walipata mizizi, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na bomba la zamani lililokwisha kufa kabla hata ya yeye kuzaliwa. Siku ya nne wakavuka barabara, na jembe la kwanza upande wa pili likalitoboa bomba lenyewe. Shule ilifungwa wiki nzima kwa matope. Watoto walimshukuru. Wengine wote hapana.

Hakufukuzwa. Msimamizi alimwambia tu kwamba "sijui" moja ya asubuhi ingewaokolea siku tatu. Jioni ile akanunua daftari kubwa la jalada gumu, akaugawa kila ukurasa sehemu tatu: Najua, Nadhani, Sijui. Tangu hapo kila bomba, kila kiungo, kila valvu, yaani zile koki kubwa za chini ya ardhi, kimeandikwa humo chini ya neno mojawapo. Kuingia kwenye Najua lazima mtu awe amekiona kwa macho au amekishika kwa mkono. Nadhani ni ya habari za kusikia, za michoro ya zamani na za mafundi wastaafu wanaokumbuka kila kitu isipokuwa walipoiweka miwani yao. Na Sijui ni sijui. Mwanzoni sehemu hiyo ilijaa hadi ikamwagikia pembeni mwa karatasi. Wenzake walipoliona daftari wakacheka wakashika mbavu, eti mtu analipwa mshahara kwa kuandika asichokijua. Ndipo jina likazaliwa.

Sasa, ukutani mwa ofisi yao pamebandikwa methali kwa herufi nyekundu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliibandika meneja aliyetangulia. Bi Sijui haibishii methali, ni ya wahenga, wana heshima zao. Ila husema aliyeitunga alikuwa na ufa mmoja na saruji ya kutosha. Yeye ana nyufa mia mbili na mfuko mmoja wa saruji, na karibu nyufa zote ziko chini ya ardhi ambako hakuna anayeziona. Methali haikumwambia aanze na upi.

Mwaka ninaousimulia, mfuko wa saruji ulikuwa mabomba mia moja na ishirini. Yalikuja juu ya malori mawili, meusi, mapya, yakapangwa uani mwa ofisi, na kwa siku mbili hakuna aliyepita bila kuyapapasa. Yalitosha njia moja tu. Na njia zilizoyataka zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni bomba la mtaa wa chini, linalopeleka maji hospitali. Kwa miaka mitatu lilikuwa limepigwa viraka kumi na kimoja, na viraka vyenyewe vilizidi kukaribiana, kama suruali ya fundi magari ambayo kiraka kimeshonewa juu ya kiraka. Bi Sijui alidhani haliwezi kuvuka mvua za mwaka huo. Alidhani tu, alikuwa ameandika hivyo hivyo. Likipasuka vibaya, hospitali ina tangi la siku moja. Siku ya pili chumba cha upasuaji kinafungwa, na wodi ya wazazi inaanza kuazima ndoo.

Ya pili ni bomba la mtaa wa juu, linalopanda kilima. Hilo halikuwa na kiraka hata kimoja, lakini maji yakifika kileleni yalikuwa uzi. Mtu aliweka ndoo chini ya bomba, akafagia uwanja, akamsuka mtoto kichwa kizima, akarudi akaikuta haijafika nusu. Miaka sita hivyo. Kila mtu mjini alikuwa na sababu moja mdomoni: bomba limeziba kwa kutu ndani, lingolewe. Meneja mpya, kijana mstaarabu anayejibu simu zote hata za kutukanwa, alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wakazi wa juu, akarudi sauti imemkauka. Aliwaahidi kuwafikiria.

Jumanne akamwita Bi Sijui. Kikosi cha kuchimba na mashine yao kingefika Jumatatu na kingekaa wiki tatu tu kabla ya kupelekwa mji mwingine. Ijumaa mchana alitaka karatasi moja mezani: mabomba yaende wapi, na kwa nini, na sahihi ya mpangaji chini yake.

Kuna jambo sijalisema bado. Nyumba ya mwisho kabisa kileleni, ile ambayo maji huifikia yakiwa yameshachoka, ni ya mama mkwe wake.

Mama mkwe ana goti bovu. Anaishi na binti yake, dada wa mumewe Bi Sijui, mwanamke mchangamfu mwenye ulimi wa kukata bila kuchovya kwenye maji. Miaka sita wawili hao walikuwa wakishuka kwa jirani mwenye kisima na kupanda na ndoo, na wifi hakuacha siku ipite bure. Wenzetu kaka zao huoa wauguzi wakapata dawa, alikuwa akisema mbele ya wageni, sisi kaka yetu kaoa ofisi ya maji na ndoo tunabeba kichwani. Mama mkwe humkemea binti yake, amwache mwenzake, kisha baada ya kitambo huongeza polepole kwamba maji yenyewe hayamtii, sembuse watu. Bi Sijui hucheka nao. Utani wa ukweni hauna polisi. Lakini akifika nyumbani kwake hukaa kitandani na viatu miguuni.

Mumewe ni seremala, mtu wa maneno machache. Jumanne hiyo jioni alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vumbi la mbao kwenye mikono, akasema, "Mama akikuuliza, na mimi niandike kwenye sehemu ya Sijui."

Basi hapo ndipo alipokuwa. Akiyapeleka mabomba juu na la chini likapasuka, atakuwa ameikausha hospitali kwa ajili ya mkwewe, na mji mzima utasema hivyo. Akiyapeleka chini, mkwewe ataendelea kubeba ndoo na goti lake, na huenda ikawa kazi bure, maana bomba lenye viraka linaweza kujikokota miaka kumi. Na bomba lililobadilishwa mapema halisemi kamwe lingepasuka lini.

Wengine wangerusha shilingi juu. Bi Sijui alichukua geji.

Geji ya presha ni kitu kidogo cha mviringo, kama saa ya ukutani iliyonywea, unakikaza kwenye bomba la uani na sindano inakuonyesha maji yana nguvu kiasi gani. Jumatano asubuhi, saa ambayo kila mtu anachota, alianza kuupanda mtaa wa juu nyumba kwa nyumba. Alichagua saa hiyo kwa sababu bomba likipumzika huficha maradhi yake. Alifuatana na fundi wa valvu wanayemwita Winchi, mtu mpana kama mlango, ambaye hakijawahi kuonekana kitu kilichokazwa kikamshinda.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kama bomba limeziba kwa kutu, nguvu itapungua kidogo kidogo njia nzima, kama mtu anayepanda ngazi akihema. Chini ya kilima sindano ilisimama kwenye arobaini. Nyumba ya tatu, thelathini na saba. Ya saba, thelathini na tatu. Kwa mshona viatu, thelathini na moja, na hiyo ni haki yake tu kwa jinsi kilima kinavyopanda. Wakavuka kichochoro wakaingia shule ya watoto wadogo, hatua arobaini kutoka kwa mshona viatu. Tisa.

Wakarudi kwa mshona viatu. Thelathini na moja. Wakarudi shuleni. Tisa. Mwalimu akawauliza kama wamesahau kitu. Kutoka hapo hadi kileleni sindano haikuanguka tena ila taratibu, nane, saba, hadi tano uani kwa mama mkwe.

Kutu haifanyi hivyo. Kutu haikai njia nzima ikisubiri kichochoro kimoja. Na katika hatua zile arobaini, chini ya ardhi, hapakuwa na kitu isipokuwa chemba moja ya zege yenye mfuniko wa chuma, na ndani yake valvu moja.

Winchi akasema basi ni valvu. Bi Sijui akafungua daftari kwenye ngazi za shule. Valvu hiyo haikuwa kwenye Sijui, wala kwenye Nadhani. Ilikuwa kwenye Najua, kwa mwandiko wake mwenyewe: iko wazi kabisa, imejaribiwa. Mistari sita kama hiyo, mmoja kila mwaka, na kila mmoja una sahihi ya Winchi pembeni. Kila mwaka walikuwa wakiifunua chemba, Winchi anashusha ule ufunguo wake mrefu wenye mpini wa kulala kama herufi T, anazungusha kushoto, upande wa kufungulia, valvu inakataa kwenda zaidi, basi iko wazi hadi mwisho. Wanafunika, wanaandika, wanakwenda kwenye nyingine.

Kama ina kasoro, ni ndani ya tumbo lake, akawaza. Pengine ulimi wake wa chuma umekatika ukaanguka ukaziba njia. Na namna ya kujua ilikuwa moja tu: kuizungusha kulia, kuifunga, aone kama bado inaitika.

Hapo ndipo mahali nilipowaonya. Mafundi wa maji wana sheria isiyoandikwa popote: valvu kuukuu iliyo wazi, iache. Ikikaa miaka bila kuguswa hushikana, ukiilazimisha shina lake linakatika kama biskuti. Ikikatika ikiwa imeshafungwa nusu, mtaa wa juu usingepata hata ule uzi wao. Valvu ya ukubwa huo hawakuwa nayo stoo, na kuagiza ni miezi miwili. Ikivunjika, mabomba yote ingebidi yapande juu kujenga njia ya kuikwepa, na valvu mpya itafutwe kwa kila njia, na hospitali ibaki na viraka vyake kumi na kimoja mvua zikibisha hodi. Kwa kutaka kujua jambo moja angeweza kupoteza yote mawili.

Alhamisi asubuhi akaingia kwa meneja akamweleza, bila kupunguza chochote. Kijana akazungusha kalamu mezani.

"Mama, ikivunjika?"

"Nitakuwa nimeivunja mimi."

"Na wale watu wa juu nitawaambia nini?"

"Waambie Bi Sijui alitaka kujua."

Meneja hakucheka. Alimuuliza kama haingekuwa salama zaidi kuchagua tu, maana hata kubahatisha kuna nusu ya kupatia. Akamjibu kwamba akibahatisha sasa, mashine itachimba wiki tatu na watagundua ukweli mwakani, mtaro ukiwa umeshafukiwa. Akitikisa valvu, watajua kesho saa tatu asubuhi, liwe la heri au la shari. Meneja akatia sahihi. Siku hiyo nzima Winchi aliilainisha valvu kwa mafuta, akiimiminia kidogo kidogo kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Ijumaa saa mbili, Winchi alikuwa kwenye chemba, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Bi Sijui alikuwa kileleni, uani kwa mama mkwe, geji imekazwa kwenye bomba, kwa sababu nyumba ya mwisho ndiyo inayosema ukweli wote. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akitazama. Bi Sijui aliwaeleza kwa adabu kwamba watafunga maji kwa nusu saa.

Wifi aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. "Mtafunga nini, wifi? Kwani kuna kitu?"

Winchi akaanza. Robo mzunguko, ikakataa. Akairudisha nyuma kidogo, akaisukuma tena, akairudisha. Kwenye simu palisikika chuma kikilia na Winchi akiisemesha valvu kwa upole, akiiita mama, akiiita dada. Kisha akasema imekubali. Mzunguko wa kwanza huo, kulia, anafunga.

Bi Sijui aliinamia geji. Sindano ilikuwa kwenye tano. Alingoja izame. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Sindano ikaenda sita.

Akaigonga kioo kwa ukucha. Saba. Akadhani geji imeharibika, na geji ilikuwa moja tu. Mzunguko wa sita. Sindano ikaenda tisa, ikaenda kumi na moja, haikuwa na papara, ikipanda kama mtu anayejua anakokwenda.

"Winchi, unazungusha upande gani?"

"Kulia. Nafunga."

"Una hakika?"

"Bi Sijui, mkono wangu ninaolia chakula naujua."

Alisema baadaye kwamba wakati ule alikuwa kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazihisi mkononi mwake.

"Endelea kufunga."

"Nikiendelea watu watakosa maji kabisa."

"Funga, Winchi. Funga mpaka ikatae."

Kumi na mbili. Kumi na tano. Kumi na nane. Kwenye mzunguko wa ishirini na mbili ikagota, laini, bila kulia. Sindano ilikuwa kwenye ishirini na sita.

Na hapo nyumba ikaanza kukohoa. Kwanza ukutani, kama mtu anayesafisha koo. Halafu jikoni pakatoka upepo, mlio, na kishindo. Mnaelewa, kwa miaka sita watu wa mtaa wa juu hawakuwa wakifunga mabomba yao. Ya nini? Kila bomba lilikaa wazi usiku na mchana na chombo chini yake, likidondosha linachoweza. Sasa yote yakaamka pamoja. Wifi akakimbilia jikoni, akatoka amelowa hadi kiunoni, akakimbilia bafuni. Nyumba ya pili sufuria zilikuwa zikibiringika. Ya tatu mwanamume alikuwa akiuliza kwa sauti kuu ni nani aliyemfanyia hivi na godoro liko sakafuni. Mama mkwe alisimama kutoka kwenye kigoda kwa kasi ambayo goti lake halikuwa limeionyesha kwa muda mrefu.

"Nimeshafunga," Winchi akasema kwenye simu, kwa sauti ya kuomba msamaha. "Huko juu mna hali gani?"

"Tunazama," Bi Sijui akamwambia, akakaa chini pale pale kwenye tope.

Waliielewa yote kabla ya saa nne. Valvu zote za mji ule hufungwa kwa kuzungusha kulia. Hiyo moja, iliyowekwa miaka sita nyuma na mkandarasi aliyeitoa sijui wapi, ilikuwa ya kufungwa kwa kushoto. Zipo za namna hiyo, si nyingi. Siku ilipowekwa, Winchi aliizungusha kushoto aifungue, ikaenda ikaenda ikagota. Kumbe alikuwa akiifunga, na kilichoizuia isifunge kabisa ni kokoto iliyokwama chini ya ulimi wake na kuacha upenyo wa kidole. Ule upenyo ndio mtaa mzima ulikuwa ukiunywa. Na kila mwaka, kwa nia njema kabisa, walirudi kuhakikisha, wakaikaza kuifunga kidogo zaidi, wakaandika kwamba iko wazi.

Winchi alipanda kilima akakaa kwenye ngazi, akawa anaitazama mikono yake kama watu wawili waliokamatwa wakiiba.

Bi Sijui angeweza kusema bomba limetengenezwa na kuishia hapo. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimfuata mama mkwe jikoni, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akasimama mbele yake.

"Mama, bomba halikuwa na ubaya. Tulikuwa tumeifunga valvu tukidhani tumeifungua."

"Nyinyi nani?"

"Mimi na Winchi. Mimi ndiye niliyeandika."

Wifi akaacha kukamua kitambaa. Mama mkwe akamtazama mke wa mwanawe, akautazama mlango ambako ndoo tatu zilikuwa zimepangwa, akamtazama tena.

"Kwa hiyo miaka sita, ni wewe uliyetufungia."

"Ndiyo, Mama."

Tone moja moja lilikuwa likianguka kutoka mezani.

"Basi mwanangu," mama mkwe akasema, "chukua hilo dekio. Na yule bonge nje apewe lingine."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akisema kaka yake kumbe hakuoa ofisi ya maji, kaoa mfuniko. Mama mkwe akajaribu kumkemea, kemeo likamponyoka likawa kicheko. Winchi alideki vyumba viwili, na alipomaliza akapewa chai, akainywa kama mtu aliyesamehewa na mahakama.

Saa nane mchana karatasi ilikuwa mezani kwa meneja. Mabomba yaende mtaa wa chini. Kwenye sababu aliandika yote, na kosa lao pia, mistari miwili mizima. Meneja alisoma mara mbili, akamuuliza sasa ana uhakika na bomba la hospitali. Akamwambia hapana, ila sasa hakuna mwingine anayeyahitaji mabomba.

Jumatatu mashine ikaanza. Siku ya kwanza waliyoyafukua yalikuwa mazima kama ya juzi, na meneja alipopita alimtazama Bi Sijui, Bi Sijui akautazama mtaro. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, mbele ya lango la hospitali, Winchi alishuka kulifuta udongo bomba lililofuata, akalibonyeza kwa dole gumba, na dole likapita. Halikupasua kitu. Lilipita tu, kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Aliliacha humo kitambo, akamwita Bi Sijui aje aone, akamwita na meneja. Vipande tisa vilivyofuata vilikuwa hivyo hivyo. Usiku ule Bi Sijui alilala saa kumi mfululizo, na mumewe asubuhi akamwekea sikio puani kuhakikisha anapumua.

Daftari bado analo, ila amebadilisha jambo moja. Kila kilichomo kwenye Najua sasa kina tarehe ya kuisha, kama dawa. Ikifika, kinarudishwa kwenye Nadhani mpaka kikajaribiwe upya, na anayejaribu asiwe yule wa mara ya mwisho. Winchi hulalamika kwamba kazi imeongezeka. Hulalamika huku akienda.

Mvua zilianza wiki mbili baada ya mtaro kufukiwa, mvua nzito za mchana kutwa, zile zinazokoroga udongo na kuyavunja mabomba mabovu. Bi Sijui alikaa mezani na simu mbele yake. Mwaka uliopita, siku kama hiyo, ililia mara saba. Sasa saa tano ikapita, saa sita ikapita, simu haijalia. Saa saba ikalia. Ilikuwa hospitali.

Alipokea kwa mikono miwili. Alikuwa muuguzi mkuu, na alikuwa amekasirika kweli kweli. Rundo la udongo waliloliacha kando ya lango limekuwa tope, wagonjwa wanateleza, machela imekwama, na anataka kujua ofisi ya maji wana mpango gani.

"Pole sana, dada," Bi Sijui akasema. "Na maji je?"

"Maji yana nini?" muuguzi mkuu akauliza.

"Hayana kitu," akamjibu, na ilimbidi ajifute macho kwa ncha ya kanga kabla hajaweza kuendelea. "Huo udongo tunakuja kuuzoa sasa hivi."